Ugomvi wa Musk na Trump: hasara iliyoandikwa New York na ile isiyoandikwa Garissa

Alhamisi ya Juni 5, 2025, Rais Donald Trump alikuwa ameketi na Kansela wa Ujerumani, Friedrich Merz, katika Ikulu ya Marekani alipoulizwa kuhusu Elon Musk, tajiri aliyekuwa msaidizi wake wa karibu hadi wiki moja tu kabla ya hapo. Trump alisema amesikitishwa naye, kwa kuwa Musk alikuwa akiupiga vita mswada wake mkuu wa kodi na matumizi. Musk alimjibu papo hapo kwenye X, mtandao anaoumiliki mwenyewe, na maneno yakazidi kupanda. Kabla ya siku kwisha Trump alikuwa ameandika kwamba njia rahisi ya kuokoa mabilioni ya dola katika bajeti ni kukata ruzuku na kandarasi ambazo kampuni za Musk hupata serikalini. Soko lilipofungwa, hisa ya Tesla, kampuni ya Musk ya magari ya umeme, ilikuwa imeporomoka kwa asilimia 14 na thamani ya kampuni kupungua kwa takriban dola bilioni 150. Kwa fedha zetu hizo ni zaidi ya shilingi trilioni 19, ilhali pato zima la Kenya la mwaka 2024 lilikuwa takriban shilingi trilioni 16. Hakuna kiwanda kilichoteketea siku hiyo, wala gari lililogunduliwa kuwa na kasoro mpya. Watu wawili walikuwa wamekosana hadharani.

Msomaji wa Garissa ana haki ya kuuliza hayo yanamhusu nini. Jibu langu ni kwamba yanamhusu sana, na kwa njia ambayo bei ya hisa haiwezi kumwonyesha. Watu wengi husema soko la hisa humwadhibu bwanyenye anayejiingiza katika siasa. Sivyo. Soko halijali siasa zake. Linachopima ni jinsi kampuni yake inavyoutegemea mkono wa serikali, na mkono huo unapotishiwa kuondolewa, bei hushuka kwa kadiri ya utegemezi huo. Lakini kila kampuni kubwa ina utegemezi wa aina ya pili: kuna watu wanaoitegemea yenyewe, au wanaotegemea maamuzi ya mwenye kampuni, bila kumiliki hata hisa moja. Hasara yao haina soko la kuipima, haina ubao wa kuionyesha, na kwa hiyo haimzuii mtu yeyote kugombana. Garissa, Wajir na Mandera, kaunti za Kaskazini Mashariki mwa Kenya, ziko upande huo wa hesabu.

Tuanze na upande unaoonekana, kwa kuwa ushahidi wake uko wazi. Musk alitumia zaidi ya dola milioni 250 kumsaidia Trump na chama cha Republican katika uchaguzi wa 2024. Siku moja baada ya kura ya Novemba 5, hisa ya Tesla ilipanda kwa karibu asilimia 15, na ilipofika Desemba 17 ilikuwa dola 479.86, kiwango ambacho haikuwa imewahi kukifikia. Katika wiki hizo sita kampuni haikuwa imeuza magari mengi ajabu. Wawekezaji walikuwa wakinunua ukaribu na Ikulu: matumaini ya kanuni nyepesi kwa magari yanayojiendesha, na ya sikio la rais kila jambo linapokwama. Ukaribu ulionunuliwa kwa bei hiyo ndio huohuo uliouzwa kwa hasara mwezi Juni. Anayeshangaa kwamba ugomvi uliiangusha hisa alipaswa kwanza kushangaa kwamba urafiki uliipandisha.

Utegemezi huo si wa kudhaniwa tu, kwani umo katika vitabu vya kampuni. Mwaka 2024 Tesla ilipata dola bilioni 2.76 kwa kuwauzia watengenezaji wengine wa magari alama za kutochafua hewa, ambazo sheria huwalazimisha kuwa nazo. Faida yake yote ya mwaka huo, baada ya kutoa gharama, ilikuwa takriban dola bilioni 7. Juu ya hayo, mnunuzi wa gari la umeme nchini Marekani aliweza kupunguziwa kodi ya hadi dola 7,500, na mswada uliozua ugomvi ulikuja kuuondoa unafuu huo mwishoni mwa Septemba 2025. Kampuni nyingine ya Musk, SpaceX, nayo huishi kwa sehemu kubwa kwa kazi za shirika la anga la NASA na za jeshi. Kwa hiyo Trump alipoandika kuhusu ruzuku na kandarasi, kila mwenyehisa aliweza kuchukua kalamu na kukadiria ni kiasi gani kingeweza kutoweka.

Kuna njia nyingine ambayo siasa za mwenye kampuni hufika kwenye hesabu, nayo ni mnunuzi. Tangu Januari 2025 Musk alisimamia idara mpya ya kupunguza matumizi ya serikali, maarufu kwa jina DOGE, huku akiunga mkono vyama vya mrengo wa kulia barani Ulaya. Wengi wa waliokuwa wakinunua magari yake ni watu wa misimamo tofauti kabisa na hiyo. Katika robo ya kwanza ya mwaka huo mauzo ya Tesla duniani yalishuka kwa asilimia 13 na faida ikaanguka kwa asilimia 71, hadi dola milioni 409. Aprili 22 Musk alipotangaza kwamba angepunguza sana muda wake serikalini, hisa ilipanda siku iliyofuata. Kampuni haikuwa imetoa gari jipya. Wenyehisa walifurahia tu habari kwamba mkuu wao anarudi kazini.

Si Marekani pekee. Oktoba 24, 2020, mjini Shanghai, Jack Ma alitoa hotuba ya kuwakosoa wasimamizi wa mabenki wa Uchina. Siku kumi baadaye serikali ilisimamisha uuzaji wa hisa za kampuni yake ya Ant, ambao ungekuwa mkubwa kuliko wote katika historia kwa kukusanya takriban dola bilioni 34. Hisa za Alibaba, kampuni aliyoianzisha, zilishuka kwa asilimia 8 siku hiyohiyo jijini New York, na katika miaka miwili iliyofuata zikapoteza zaidi ya theluthi mbili ya thamani yake. Na hapa kwetu, Novemba 21, 2024, siku moja baada ya waendesha mashtaka wa Marekani kumshtaki Gautam Adani wa India kwa madai ya hongo, madai ambayo kundi lake la kampuni lilikanusha, Rais William Ruto alisimama bungeni na kufuta mpango wa Adani katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta pamoja na ule wa nyaya za umeme na KETRACO. Siku hiyo hisa za Adani Enterprises zilianguka kwa zaidi ya asilimia 20. Adani hakuwa amegombana na Nairobi, lakini mfano wake unathibitisha kanuni ileile: biashara iliyojengwa juu ya ukaribu na watawala hutikisika ukaribu huo unapogeuka kuwa mzigo kwa watawala wenyewe.

Mfano wa Kenya unaofundisha zaidi ni wa zamani kidogo, na mara nyingi husahauliwa. Novemba 3, 2017, baada ya kususia marudio ya uchaguzi wa urais, muungano wa upinzani wa NASA uliwataka wafuasi wake waache bidhaa za kampuni tatu: Safaricom, Bidco na Brookside. Ulikuwa ugomvi wa kisiasa wa wazi, ukiungwa mkono na mamilioni ya wapiga kura, na uliilenga Safaricom ambayo serikali ilimiliki asilimia 35 yake. Kama soko lingekuwa linaadhibu siasa tu, hisa ile ingeanguka na kubaki chini. Haikuwa hivyo. Kufikia Aprili 2018 ilikuwa imevuka shilingi 30, na katika mwaka wa fedha uliokwisha Machi kampuni ilitangaza faida ya shilingi bilioni 55.3. Sababu ni kwamba mteja wa M-Pesa hakuwa na pa kwenda, na wawekezaji walilijua hilo. Ni kweli kwamba salamu za Machi 9, 2018 kati ya Rais Uhuru Kenyatta na kiongozi wa NASA, Raila Odinga, zilipoza joto, lakini hata kabla ya hapo soko halikuwa limetetemeka kama ilivyotetemeka Tesla. Ugomvi ambao haugusi mapato hubaki kuwa kelele. Na tunaweza kusema haya kwa uhakika kuhusu kampuni moja tu kati ya zile tatu, kwa kuwa Brookside na Bidco hazijaorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Kama zilipoteza mauzo, au wafugaji wanaoiuzia Brookside maziwa walipata hasara, hakuna ubao uliotuonyesha. Tutarudi kwenye jambo hili.

Wapo watakaosema ninaupa ugomvi uzito usiostahili. Tesla ilikuwa na matatizo mengine: kampuni ya BYD ya Uchina ilikuwa ikiipokonya wateja, viwanda vyake vilisimama kwa muda kubadilisha muundo wa gari la Model Y, na ushuru mpya wa Trump ulilitia soko zima hofu. Yote hayo ni kweli, na ndiyo maana sitegemei takwimu za robo mwaka peke yake. Siku ya Juni 5 inajitetea yenyewe: masoko kwa jumla yalishuka kwa chini ya asilimia moja, ilhali Tesla peke yake ilianguka kwa 14. Mwezi mmoja baadaye, Musk alipotangaza kuunda chama chake cha siasa, hisa ilishuka tena kwa karibu asilimia 7 siku ya kwanza ya biashara. Huwezi kumsingizia BYD hayo.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Hisa ilirudi. Kufikia mwishoni mwa Septemba 2025 ilikuwa juu ya dola 400, na Novemba 6 zaidi ya asilimia 75 ya kura za wenyehisa zilimpitishia Musk mpango wa malipo ambao unaweza kufikia takriban dola trilioni moja akitimiza malengo yote. Kama ugomvi ni gharama, wanaoulipia mbona walimwongezea mshahara? Nadhani jibu limo katika masharti ya kurudi kwake. Bei ilirudi baada ya yeye kuondoka serikalini, baada ya kukiacha kimyakimya chama alichotangaza, na baada ya kununua hisa za kampuni yake mwenyewe za takriban dola bilioni moja. Nyaraka ambazo kampuni ilitoa mwezi huo wa Septemba zilieleza kwamba kamati ya wakurugenzi ilipata hakikisho kuwa angejiondoa katika siasa kwa wakati ufaao. Wenye mtaji walimlipa atulie. Walikuwa na uwezo wa kudai hivyo kwa sababu hasara yao ilikuwa imeandikwa kwa tarakimu, kila siku, mbele ya macho ya dunia. Hiyo ndiyo faida kuu ya bei ya hisa: humpa anayeumia sauti ambayo tajiri hawezi kuipuuza.

Sasa tuuangalie upande usio na sauti. Machi 10, 2025 hisa ya Tesla ilianguka kwa asilimia 15, hadi dola 222.15, chini ya nusu ya kilele chake cha Desemba. Vituo vya habari vya fedha viliijadili siku hiyo kutwa kucha. Siku hiyohiyo Waziri wa Mashauri ya Kigeni wa Marekani, Marco Rubio, alitangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya shirika la misaada la USAID imefutwa, takriban kandarasi 5,200, na akawashukuru watu wa DOGE kwa kazi yao. Mwaka 2024 Marekani ilikuwa imelipa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, takriban dola bilioni 4.5, karibu nusu ya michango yote. Sehemu ya fedha hizo ilikuwa ikiishia kama unga, kunde na mafuta katika kambi za Dadaab, kaunti ya Garissa: Dagahaley, Ifo na Hagadera, zilizoanza kujengwa mwaka 1991 na ambazo leo zina wakimbizi zaidi ya 400,000. Kufikia Mei 2025 WFP ilikuwa imepunguza mgao wa wakimbizi nchini Kenya hadi asilimia 28 ya kiwango kamili na kusimamisha msaada wa fedha taslimu.

Yafikirie matokeo yake kama mfanyabiashara, si kama mtoa misaada. Fedha taslimu za wakimbizi hazikuwa zikilala mfukoni. Zilikuwa zikiingia dukani Hagadera, kutoka hapo kwa muuzaji wa jumla mjini Garissa, kisha kwa mwenye lori, mpakiaji, na mfugaji anayeleta mbuzi sokoni. Dadaab ni mojawapo ya masoko makubwa katika kaunti hiyo. Mkondo huo ulipokatika, deni la mteja wa kambini likawa deni la mwenye duka, na la mwenye duka likawa la muuzaji wa jumla. Mnyororo mzima wa biashara ya kaunti uliguswa, na wala hakuna tarakimu moja iliyoshuka mahali popote ambayo mtu wa New York au Washington angeweza kuiona. Tesla ilipopoteza asilimia 15, mkuu wake alilazimika kujieleza kwa wenyehisa. Mgao wa chakula ulipobaki asilimia 28, hakuna aliyelazimika kujieleza kwa mtu wa Ifo.

Nitaambiwa, na kwa haki, kwamba siwezi kumbebesha Musk mzigo huo peke yake. Amri ya kusimamisha misaada ya nje ilisainiwa na Trump tangu Januari 20. Uamuzi wa mwisho ulikuwa wa Rubio. Na wafadhili wengine nao walipunguza, kama Uingereza iliyotangaza Februari 2025 kwamba itashusha bajeti yake ya misaada hadi asilimia 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027. Tena USAID si kampuni ya Musk. Nakubali yote. Lakini Musk hakuwa mtazamaji. Mwanzoni mwa Februari alitangaza mwenyewe kwamba shirika hilo linafungwa, akajivunia kazi hiyo hadharani, na watu wake ndio waliozifungia akaunti na ofisi zake. Hoja yangu ni nyembamba kuliko lawama: nguvu za kisiasa za tajiri huyo ziliwagusa watu wa makundi mawili kwa majira yaleyale. Kundi moja lilikuwa na kipimo na kura, likampigia kelele, akarudi nyuma kwa kadiri lilivyomtaka. La pili halikuwa na chochote, na halikurudishiwa chochote.

Hapo ndipo inapofaa kuizungumzia Starlink, kwa kuwa kupitia huduma hiyo Kaskazini Mashariki inaweza kufunga mkataba wa kumtegemea Musk kwa hiari yake. Huduma hiyo ya intaneti ya setilaiti iliingia Kenya Julai 2023, na mwaka uliofuata ikaanza kukodisha vifaa vyake kwa shilingi 1,950 kwa mwezi. Kwa eneo letu mvuto wake ni mkubwa. Milingoti ya mawasiliano kando ya mpaka wa Somalia imelengwa na Al-Shabaab kwa miaka mingi. Januari 2020 mashambulizi ya Saretho, karibu na Dadaab, na ya Kamuthe yalikuwa pia mashambulizi dhidi ya milingoti, na watu waliuawa. Mlingoti ukianguka, M-Pesa hukwama, zahanati hukatika, na polisi hubaki bila mawasiliano. Kifaa cha setilaiti hakihitaji mlingoti Hulugho wala Liboi. Kinahitaji anga wazi na umeme wa jua, na vyote viwili Mungu ametujalia. Ndiyo maana sisemi Starlink ikataliwe. Shule ya Balambala iliyounganishwa leo ina haki ya kubaki imeunganishwa.

Ila swali la utegemezi halikwepeki. Machi 9, 2025, siku moja kabla ya Tesla kuanguka kwa asilimia 15, Musk aliandika kwamba mstari wa mbele wa Ukraine ungesambaratika kama angeizima Starlink. Waziri wa Mambo ya Nje wa Poland, Radosław Sikorski, ambaye nchi yake ilikuwa ikilipia huduma hiyo kwa Ukraine kwa takriban dola milioni 50 kwa mwaka, alisema huenda wakahitaji kutafuta mwingine. Musk alimjibu kwa kumdharau. Huyo ni waziri wa nchi ya Umoja wa Ulaya, tena mteja anayelipa. Siku chache kabla ya hapo, wasiwasi huohuo ulikuwa umezipandisha mara kadhaa hisa za Eutelsat, mshindani wa Kifaransa: vita vya panzi, neema ya kunguru. Nchini Afrika Kusini, sheria inayotaka asilimia 30 ya kampuni ya mawasiliano imilikiwe na waliobaguliwa zamani imegeuka kuwa ugomvi kati ya Musk na serikali ya Cyril Ramaphosa, na walio vijijini bila intaneti wanaendelea kusubiri. Kenya nayo haijasalimika na mivutano: Julai 2024 Safaricom iliiandikia Mamlaka ya Mawasiliano ikitaka kampuni za setilaiti za kigeni zilazimishwe kufanya kazi na kampuni zenye leseni nchini. Mivutano ya aina hiyo ikigeuka kuwa ya kisiasa, hospitali ya Masalani itaathirika bila kuulizwa. Na SpaceX, inayomiliki Starlink, haikuwa imeorodheshwa sokoni wakati wa ugomvi wa 2025; kwa hiyo hata kile kipimo cha New York hakikuwepo kutuonya.

Kutokuwa na kipimo si jambo geni kwetu. Mitaji ya Kaskazini Mashariki imejengwa nje ya soko la hisa: kwa ayuuto, yaani michango ya kupokezana kwa zamu, kwa michango ya ukoo, kwa amana anayopewa mfanyabiashara mmoja na watu mia bila karatasi, kwa hawala, yaani mfumo wa kutuma fedha kwa kuaminiana. Mfumo huo umejenga maduka ya Suuq Mugdi na majengo ya Eastleigh, na una uimara wake, kwa kuwa mwenye kuvunja uaminifu hupoteza jina lake kabla ya kupoteza fedha. Hata hivyo, unaficha hasara. Siku chache baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2, 2015, lililoua watu 148, serikali ilisimamisha kampuni 13 za hawala na kufunga akaunti 86 kwa tuhuma za kufadhili ugaidi. Mwezi Juni kampuni hizo ziliruhusiwa kurudi kazini. Katika wiki hizo fedha za watoto walio Minneapolis na London hazikuwafikia wazazi wao kwa njia waliyoizoea, na wenye maduka walioagiza bidhaa Dubai walikwama. Hasara ilikuwa kiasi gani? Kwa kuwa hakuna hata moja ya kampuni hizo iliyokuwa na hisa sokoni, hakuna bei iliyoanguka, na serikali haikupata kuonyeshwa gharama ya amri yake. Benki iliyoorodheshwa ingesimamishwa kwa siku moja tu, magazeti yote yangebeba tarakimu.

Matajiri wa eneo letu nao wanazidi kuingia katika siasa: wengine wanagombea viti, wengine wanafadhili wagombea wa ugavana na useneta, na wengine hutegemea zabuni za kaunti kwa sehemu kubwa ya mapato yao. Mtu ana haki ya kushiriki siasa za nchi yake, awe na ng'ombe wawili au maghala ishirini, na sitaki sheria ya kumnyima haki hiyo. Lakini fedha zilizo katika biashara yake mara nyingi si zake peke yake. Ni za shangazi aliyeuza ngamia, za binamu aliye Ughaibuni, za wajane waliomkabidhi akiba. Akigombana na gavana na zabuni zikakatwa, au malipo yakacheleweshwa kwa miaka kama adhabu, hao ndio ambao katika Tesla wangeitwa wenyehisa. Tofauti ni kwamba wao hawawezi kuuza na kuondoka asubuhi inayofuata. Wengine watasema dawa ni kuziorodhesha kampuni hizo Nairobi. Sidhani hiyo inatosha, wala si rahisi: gharama ni kubwa, na wengi wetu huhitaji kwanza kujua kama biashara ya kampuni na mikopo yake inaafikiana na sharia. Kinachowezekana leo ni kidogo zaidi, nacho ni uwazi. Mfanyabiashara anayepokea amana za watu awaeleze ni sehemu gani ya mapato yake inatoka serikalini, na awaambie kabla ya kupanda jukwaa la siasa, si baada ya kushindwa.

Kwa upande wa mawasiliano, mambo hayahitaji kubuniwa upya. Barabara ya Isiolo, Modogashe, Wajir hadi Mandera inayojengwa kwa ufadhili wa Benki ya Dunia ina mpango wa kulazwa nyaya za faiba kandokando yake. Mamlaka ya Mawasiliano ina Hazina ya Huduma kwa Wote, iliyoundwa kwa ajili ya maeneo ambayo kampuni za simu huyaona hayana faida, na kata nyingi za Garissa, Wajir na Mandera zimo katika orodha hiyo. Njia hizo mbili zikikamilika, setilaiti itakuwa njia ya tatu, na hasira za tajiri mmoja hazitaweza kulizima eneo zima. Magavana wa kaunti tatu wanapotia saini mikataba ya intaneti kwa hospitali na shule, wadai vipengele viwili kwa maandishi: muda wa ilani kabla huduma haijasitishwa kwa sababu yoyote ile, na njia mbadala iliyo tayari kuwashwa. Wenyehisa wa Tesla walidai hakikisho kutoka kwa mkuu wao na wakalipata. Mabunge ya kaunti za Garissa, Wajir na Mandera yana mamlaka ya kudai lao kabla ya bajeti ijayo kupitishwa, na wananchi wanaohudhuria vikao vya maoni ya umma wana haki ya kuuliza kama limedaiwa.